Ugonjwa wa Lori la Makame

Tangu asubuhi Waziri alikuwa amelala chali chini ya lori la shemeji yake, na lori lile, nawaambieni kweli, lilikuwa linamtoa roho. Gereji yake pale Msambweni ilikuwa banda la makuti tu, lakini huo mwaka wa pili wa Uhuru hapakuwa na fundi mwingine aliyetajwa kutoka Ukunda hadi Lungalunga.

Ugonjwa ulikuwa mmoja. Kando ya usukani palikuwa na kishikio; dereva akikivuta, gari hushika mwendo lenyewe, naye akapumzisha mguu. Akikirudisha, mwendo hupungua. Sasa kilikuwa kinagoma kurudi. Juzi kilimgomea Makame mteremkoni Gazi, na shehena nzima ya mbata nyuma yake, akaponea chupuchupu.

"Shemeji, usije ukaniua," Makame alimwambia akicheka. Alikuwa mtu wa kucheka yule, hata na mambo yasiyochekwa.

Waziri alibadilisha springi ya kukirudisha. Akapaka waya grisi. Akaliendesha lori mwenyewe: penye barabara nzuri kishikio kinarudi, penye mashimo kinagoma. Akajua hapo kuna kitu kinachezacheza. Akafungua bati la mbele ya dereva, akapenyeza mkono, akakuta hirizi. Ilishonewa ngozi, ikaning'inizwa kwa kamba ndefu, na lori likitikisika kamba hujizonga kwenye waya wa kishikio.

"Mishi, mdogo wangu," alisema peke yake, "umefanya nini?"

Nani mwingine, kama si mke wa mwenye lori? Makame hakutaka kusikia habari za waganga. Kwa ajili hiyo hiyo alikwisha kumwacha Mishi mara mbili, akamrejea mara mbili. Safari ya mwisho aliapa mbele ya wazee, Waziri akiwamo, kwamba akikuta hirizi tena ndani ya chochote kilicho chake, talaka ya tatu imepita. Na ya tatu haina marejeo. Mishi alimpenda mwanamume yule kupita kiasi, mapenzi ya kijinga, ndiyo maana akamfungia kinga kwa siri. Kuachwa kungemmaliza.

Basi Waziri akaichomoa. Makame alipokuja, akamwambia, "Ilikuwa springi."

"Springi tu?"

"Springi tu. Nenda zako."

Alasiri akaenda kwa Mishi. Bimkubwa, mama yake Makame, alikuwa ukumbini anachambua mchicha, akiwategea sikio. Waziri akampita kwa shikamoo, akaingia jikoni, akamtilia dada yake hirizi kiganjani. "Makame asiione hii," alinong'ona. "Ifiche vizuri." Akatoka. Habari ya kamba na waya hakuisema. Alimwogopa Bimkubwa, aliona aibu, au alidhani Mishi angeelewa mwenyewe. Mimi sijui, na hasira zangu naye hazijaisha. Mtu mzima, fundi, na neno moja likamshinda kulitoa.

Wiki ya pili lori likamgomea Makame mteremkoni pale pale, likaacha barabara, likagonga mnazi. Makame alikufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Polisi wakamwita Waziri aseme gari lilikuwa na nini. Akafungua bati lililopondeka. Hirizi ilikuwa imerudishwa, safari hii ndani zaidi, pasipofika jicho, imefungwa kwa kipande cha kanga, na kanga imeumana na waya. Akaikata kwa kisu, akaitia mfukoni.

"Springi," alimwambia askari.

Siku ya nne aliingia kwa Mishi, aliyekuwa amekaa eda.

"Kaka, ilikuwa nini?" Mishi aliuliza.

"Springi."

"Hukuikuta?"

"Niliikuta."

"Niliifunga mahali pasipoonekana, kama ulivyotaka," alisema Mishi. "Na yeye hakuiona?"

"Hakuiona."

Mishi akalia kidogo, akajifuta. "Basi amekufa mimi ni mke wake. Angeiona angeniacha, na leo nisingekuwa na haki hata ya eda hii. Umenihifadhia ndoa yangu, kaka. Mungu akulipe."

Akamwinamia, akambusu mkono.