Kuta Zinazotoka Jasho

Kabati la Bi Malalamiko lilipoanza kufunguka lenyewe, hakuna aliyeshtuka mtaani. Mama huyo alikuwa ameshalalamikia kila kitu kilichoumbwa: jua, kengele za baiskeli, vicheko vya watoto, harufu ya rangi mpya. Alikuwa karani mstaafu aliyewapigia wakubwa barua kwa mashine ya chapa miaka thelathini, na tangu astaafu alikuwa akipiga za kwake. Kila wiki kamati ya mtaa ilipokea barua moja, nadhifu, haina kosa hata la nukta, na kila wiki kamati ilicheka kidogo kisha ikaiweka kwenye faili.

Barua hii ya kabati alipewa Timazi. Alikuwa mwashi, mtoto wa mwashi, na jina hilo alibandikwa kwa sababu hakuwa na imani na ukuta wowote mpaka aushushie timazi, uzi wake wenye kipande cha shaba, na kuuona umesimama wima.

"Nenda ukamsikilize," dada yake alimwambia. "Kaza bawaba moja, msifie mapazia, urudi. Jumamosi sitaki kumsikia."

Dada yake alikuwa mwalimu mstaafu. Nusu ya wakazi wa mtaa ule walijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Miaka mitatu nyuma, habari zilipovuma kwamba nyumba zote za zamani zingebomolewa kwa kuwa zimechoka, yeye ndiye aliyetoa kiti chake nje, akakiweka katikati ya njia, akaita watu. Aliwaambia kwamba anayesubiri kuokolewa huokolewa akiwa maiti. Palepale wakamfanya mwenyekiti. Mitaro iliyoziba tangu enzi za babu zao ikazibuliwa kwa mikono yao wenyewe. Milango ya mbao ikakwanguliwa na kupakwa mafuta. Chokaa ya kizamani, iliyokuwa ikibanduka kutani kama ganda la kidonda, iliondolewa yote, na Timazi akaongoza watu wazima kwa vijana kupiga lipu ya saruji nyumba baada ya nyumba, kisha rangi ya mafuta juu yake. Mtaa ukang'aa. Watu waliohama walianza kuulizia vyumba.

Timazi alikuwa amesema neno moja tu, kwenye mkutano wa pili. Alisema kuta hizi ni za mawe na udongo, zinavuta unyevu kutoka chini kama utambi, na baba yao alikuwa akitumia chokaa kwa sababu chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji haiuachii.

"Baba alikuwa anailoweka chokaa miezi mitatu," dada yake alimjibu mbele ya watu. "Sisi tuna mvua wiki ijayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, au wewe huzijui methali?"

Watu walicheka, naye alicheka. Wahenga walisema ufa uzibwe. Hawakusema uzibwe kwa kitu gani. Akachukua mwiko akaanza kazi, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri, baada ya nyumba ya tatu au ya nne alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuwa na shaka.

Bi Malalamiko aliishi ghorofani katika nyumba ya pembeni, iliyo kubwa kuliko zote. Chini yake kulikuwa na ghala tupu ambalo kamati ililigeuza chumba cha kusomea watoto. Rafu zilikuwa tayari, vitabu vimepangwa, na Jumamosi wageni wa mitaa mingine wangekuja kujionea jinsi watu wa kawaida walivyoufufua mtaa wao bila kumpigia mtu magoti.

"Funga hilo kabati," Bi Malalamiko alimwambia Timazi alipoingia.

Akalifunga. Akageuka kumsifia mapazia, na nyuma yake mlango wa kabati ukafunguka taratibu, kama mtu anayechungulia.

"Sasa hapo utaniambia ni uzee wangu."

Timazi aliinama akaukagua mlango. Bawaba zilikuwa nzima. Akatoa uzi wake, akaushikiza juu ya ukuta. Kipande cha shaba kilipotulia, uzi ulikuwa umeachana na ukuta kwa upana wa vidole viwili. Ukuta huohuo aliupima mwenyewe mwaka juzi, ukasimama kama askari wa gwaride.

Akagonga lipu kwa kifundo cha kidole. Sauti iliyorudi ilikuwa ya debe tupu. Akagonga kwingine, sauti ikawa ileile. Alipobandua kipande nyuma ya kabati, harufu ilimpiga usoni, harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Nyuma ya lipu hapakuwa na ukuta wa kuuita ukuta. Palikuwa na udongo mbichi uliomiminika wenyewe hadi sakafuni, na mawe yaliyokaa ndani yake kama meno kwenye ufizi uliooza. Akaifuata boriti ya sakafu mpaka pale kichwa cha mti huo kilipoingia ukutani, akachomeka msumari kwa kidole gumba. Msumari ukazama wote.

"Nini?" aliuliza Bi Malalamiko.

"Unyevu kidogo, mama."

"Mwanangu, mimi nimewaandikia wakubwa barua za uongo miaka thelathini. Nausikia uongo hata ukija bila viatu."

Timazi alimkuta dada yake anapiga pasi vitambaa vya meza. Alimweleza bila kumficha: lipu imefungia maji ndani, ukuta unaoza, vichwa vya boriti vimelainika, na sakafu ya juu haijulikani imeshikwa na nini. Dada aliendelea kupiga pasi. Kitambaa kile kilikuwa kimekwisha nyooka zamani.

"Imekaa hivyo kwa muda gani?"

"Labda tangu masika yaliyopita."

"Basi itakaa siku nne nyingine. Jumapili tutaita watu, tutasema tunafanya ukarabati."

"Dada, kutakuwa na watoto mle ndani."

Akaiweka pasi pembeni. "Nisikilize, mdogo wangu. Kuna watu wanaosubiri tujikwae ili wapate sababu ya kutubomolea. Ukisema leo, hawatauliza nani alichanga saruji. Watauliza nani alishika mwiko." Halafu akamshika mkono, kama alivyokuwa akimshika kumvusha barabara walipokuwa wadogo. "Siku nne tu."

Kesho yake Timazi alirudi ghorofani na ndoo ya saruji, akaziba tundu alilolibandua, akalisawazisha vizuri mpaka usingejua. Bi Malalamiko alikuwa amekaa kwenye mashine yake ya chapa, mikono mapajani, akimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Hakusema lolote. Kwa mwanamke yule, kunyamaza kulikuwa jambo la kutisha kuliko sakafu.

Jumamosi asubuhi jua lilikuwa zuri. Chumba cha kusomea kilijaa: watoto wamekaa chini safu kwa safu, wageni kwenye viti, wazazi wamejipanga ukutani, wengine wameuegemea. Timazi alisimama karibu na mlango. Kila mtu alimpa mkono. Mgeni mmoja alimwambia kwamba hajawahi kuona lipu iliyonyooka vile. Akashukuru. Macho yake yalikuwa darini.

Dada yake alishika kipaza sauti akaanza kusimulia habari ya kiti chake katikati ya njia. Alikuwa anasimulia vizuri. Watu walikuwa wanacheka pale anapotaka wacheke. Katikati ya makofi Timazi aliona vumbi likishuka kutoka kichwa cha boriti ya tatu, jembamba kama unga unaochungwa, likatua begani mwa msichana mdogo wa safu ya mbele. Msichana akalipangusa. Likashuka tena. Juu kulisikika mlio mfupi, kama mtu amekanyaga ubao, na Timazi alijua kwamba Bi Malalamiko wakati huo huwa amekaa.

Hakukumbuka kutembea. Alijikuta amesimama mbele, kipaza sauti kimo mkononi mwake, na sauti yake inatoka kila kona.

"Naomba mtoke nje. Watoto kwanza, taratibu, msikimbie, msiguse ukuta. Lipu hii niliipiga mimi. Ndani imeoza, na nilijua tangu Jumanne."

Dada yake alimtazama kama vile amemwona mtu anayemfananisha tu. Lakini watoto walikuwa wamezoea kutii, wakainuka. Chumba kikamwagika nje. Timazi alipanda ngazi mbili mbili, akamkuta Bi Malalamiko ameshavaa viatu, mkoba begani, mashine ya chapa imo ndani ya kasha lake.

"Umechelewa," alimwambia, akampa kasha abebe.

Nyumba haikuanguka.

Walisimama njiani wote, wanaitazama, nayo inawatazama na rangi yake mpya. Ikapita robo saa, ikapita nusu saa. Mtu akatania kwamba fundi anahitaji kupimwa kwa timazi yake mwenyewe, na kicheko kikasambaa. Wageni waliaga kwa adabu ile inayouma kuliko tusi. Mwenyekiti hakucheka. Aliwapita watu wote, akaingia ndani, akavuta kiti mpaka katikati ya chumba, akaketi, mikono imefungwa kifuani, ili kila aliye nje amwone.

Timazi alimfuata mpaka kizingitini.

"Toka, Dada."

"Miaka mitatu," alisema bila kumgeukia. "Umeimaliza kwa sentensi moja."

"Toka kwanza, kisha unitukane."

"Sitoki. Nitakaa hapa mpaka jioni, na kesho nitaleta watoto."

Timazi akavuka kizingiti, akavuta kiti kingine, akaketi kando yake. Ndani ya kimya kile alisikia kitu alichokuwa akikisikia mwaka mzima bila kukitambua: punje zikitiririka nyuma ya lipu, polepole, bila kukoma. Akaangalia uso wa dada yake na kujua kwamba naye anasikia. Kisha kipande cha lipu, kikubwa kama sinia, kikajibandua ukutani chenyewe, kikaangukia rafu ya vitabu. Kilikotoka, ukuta ulikuwa mweusi, unang'aa, unatoka jasho.

Dada yake aliinuka. Akakung'uta gauni lake, akatoka nje, akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akaenda nyumbani. Timazi akafunga mlango kwa kufuli, akapigilia mbao mbili juu yake, na Bi Malalamiko akapelekwa kwa mpwa wake mtaa wa jirani, ambako jioni ile ile alianza kulalamikia godoro.

Siku mbili dada hakumsemesha. Alimwekea chakula mezani na kuondoka. Kamati ilikaa kikao bila kumwita, wengine wakitaka mbao zing'olewe. Jumanne, saa nne asubuhi, wakati wanawake wanaanika nguo na fundi viatu anafungua kibanda chake, nyumba ya pembeni ilishusha pumzi. Hivyo ndivyo walivyosimulia wote waliokuwepo. Haikupiga kishindo mwanzoni. Ilishusha pumzi ndefu, ukuta wa ubavuni ukapiga magoti, halafu ghorofa ikaketi juu ya rafu za vitabu. Vumbi lilipotua, kabati la Bi Malalamiko lilionekana juu ya kifusi, mlango wazi.

Hakuna aliyeumia. Watu walimshika Timazi mikono, wengine wakalia, na yule aliyetania Jumamosi akamletea maji ya kunywa. Mchana walikuja watu wa serikali watatu, wamevaa kofia ngumu. Hawakugombana na mtu. Walitembea mtaa mzima, wakigonga kuta, wakisikiliza, wakiandika. Walipofika mwisho wa njia waligeuka, wakaandika upande wa pili.

Wakazi walisimama milangoni wakiwatazama. Vicheko vilikuwa vimekwisha. Kila mtu alianza kujifanya ana shughuli karibu na ukuta wake, na kila mtu, akidhani haonwi, alikunja kidole akagonga.

Alasiri dada yake alimkuta Timazi amekaa kwenye ngazi za nyumba yao, ile walimozaliwa, anamoishi yeye na dada yake na wajukuu wanne wa dada. Alikaa kando yake. Wingu lilikuwa limejikusanya upande mmoja wa anga, na upepo ulikuwa na harufu ya mvua.

"Nyumba ngapi?" aliuliza.

"Zote tulizopiga."

"Nakuuliza zilizo kama ile."

"Sijui, Dada. Huwezi kujua kwa kuangalia. Nyingine zina mwaka, nyingine zina wiki. Inategemea mvua."

Ndani, wajukuu walikuwa wanagombania kitu, wanakimbizana juu ya sakafu ya ghorofa, na vishindo vyao vilipita juu ya vichwa vya wawili hao kutoka chumba hadi chumba.

"Na yetu?"

Timazi alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma tangu asubuhi, na msumari.

"Yetu ndiyo niliyoanza nayo," alisema. "Nilitaka watu waone mfano."

Dada yake aliinuka, akashika nguzo ya ngazi, kisha akaiachia upesi. Aliwaita wajukuu washuke mmoja mmoja, polepole, kwa sauti ya darasani, ile isiyopandishwa. Walipotoka wote alirudi yeye na Timazi kuchukua magodoro. Waliyaburuta mpaka katikati ya njia, mahali penye anga tu juu yake. Majirani waliwatazama kutoka madirishani, na mmoja akauliza wanahamia wapi na mvua ile inakuja. Matone ya kwanza yalianza kuanguka, makubwa, ya vuguvugu, yakateleza juu ya rangi ya mafuta bila kuacha alama.