Mtoto Asiye na Homa

Mwezi wa saba Tumati kuna baridi ya kung'ata masikio, na mwaka huu ilikuja na mafua yasiyobagua nyumba. Kwetu alianza mume wangu, Onesphory, nikafuata mimi. Tulichemka, tukatetemeka chini ya mablanketi, tukapona. Mama mkwe wangu, Bibi Scolastica, alikohoa kama anavyokohoa kila baridi. Binti yetu Brightness, wa miaka saba, alikuwa na kikohozi kidogo tu, na mwili wake ulikuwa wa baridi kama mtungi.

"Huyu ni damu yangu," Bibi alijigamba akimpapasa paji la uso. "Mafua yamemwona yakaogopa."

Onesphory alicheka. Katika ukoo wao mgonjwa ni mwenye homa. Asiye na homa ni mvivu. Basi sisi wakubwa tulipolala hoi, Brightness ndiye aliyetuletea maji na kuwatoa ndama nje, na kila jirani aliyepita alimsifu.

Nilianza kuogopa mchana mmoja wa jua. Alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi, na kila alipovuta pumzi kishimo cha chini ya koo kilididimia, mbavu zikajichora chini ya sweta. Nikamgusa. Baridi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Baba Brightness, mtoto anapumua vibaya."

"Lakini hana homa. Ukifika hospitali utasema anaumwa nini?"

"Nitasema anapumua vibaya! Washa pikipiki, au nimbebe kwa miguu watu wote wa Tumati wakuone."

Hasira zangu anazijua hadi paroko. Onesphory aliwasha pikipiki. Bibi alitufuata na bodaboda, hakutaka kusikia la mtu, maana mtoto yule ni wake kuliko wangu. Kwetu mjane mzee haachwi alale peke yake, hupewa mjukuu. Tangu baba mkwe afariki, Brightness na bibi yake wanalala kitanda kimoja, blanketi moja.

Hospitalini tulipokewa na Daktari Kissa, binti wa Mbeya aliyehamishiwa huku. Alimbana mtoto kidole kwa kile kimashine cha kupima hewa ya damu, akasoma namba, akaita oksijeni kwa sauti iliyonifanya nishike ukuta. Wakampima, wakampiga picha ya kifua. Aliporudi na picha, uso wake haukuwa ule wa mwanzo.

"Ana mafua, virusi vilevile vilivyowalaza ninyi," alisema. "Lakini vimekuta ugonjwa mwingine kifuani, wa muda mrefu. Nahisi ni TB. Kinga ya mwili wake imepigana nayo kimyakimya mpaka imechoka. Mafua yalipoingia, hakukuwa na wa kuyazuia."

"Mbona hana homa?"

"Mara nyingi homa ni mwili unaopigana, mama. Wa kwake umeishiwa."

Ule ubaridi tuliousifu nyumba nzima, tukampa na ndama achunge, ulikuwa mwanangu anazimika mbele ya macho yetu.

"Kwa mtoto wa umri huu ni vigumu kupata makohozi ya kupima," daktari aliendelea, "kwa hiyo nahitaji ukweli wenu. Nyumbani kuna mtu aliyewahi kuugua TB?"

"Hakuna," Onesphory alijibu upesi, kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Bibi alikuwa anatazama sakafu.

"Basi tutaanza na dawa za kawaida za TB. Mkojo wake ukigeuka rangi ya machungwa, msishtuke."

"Unakuwa mwekundu kabisa," Bibi alisema taratibu. "Siku za kwanza unaweza kudhani ni damu."

Wote tulimgeukia. Daktari alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Sikukusalimia vizuri. Ulizitumia lini?"

"Marahaba. Mwaka jana, nilipokuwa kwa binti yangu kule Katesh."

"Ukazimaliza?"

Bibi alivuta kanga yake hadi kidevuni. "Niliacha. Nilipata nafuu. Na nesi aliniambia nikirudi nyumbani nisilale na mtoto mpaka wanipime tena. Ningewaambia nini hawa? Wangenifungia mlango, nibaki na giza langu peke yangu."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtoto anayelala blanketi moja na huyo mficha maradhi. Nilitaka kumpiga. Mama mkwe wangu, mbele ya mwanawe, nilitaka kumpiga kwa mikono yangu miwili, na Onesphory alijua, maana alinishika bega na hakuliachia.

"Umetusaidia, bibi," daktari alisema. "Dawa zikiachwa katikati, vijidudu vinaweza kuwa sugu. Kama ndivyo, hizi nilizotaka kumpa zisingemfaa. Sasa tutapima makohozi yako, ndiyo yatakayotuonyesha dawa ya mtoto." Akampa barakoa na kikopo.

"Atapona?" nikauliza.

"Kwa sasa nataka apumue tu," alijibu, macho yake kwenye kile kimashine.

Wakati huohuo Brightness akafumbua macho. Niliinama aone uso wangu, lakini macho yake yalinipita, akanyoosha mkono upande wa pili.

"Bibi."

Bibi alipiga hatua kumfuata. Nilifungua mdomo nimfukuze, nikachelewa, kwa sababu alisimama mwenyewe. Alivaa barakoa, vidole vikihangaika na kamba zake, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Machozi yalimchuruzika yakaingia ndani ya kitambaa.

"Bibi, njoo."

Bibi alitikisa kichwa, akafungua mlango, akatoka na kikopo chake.

"Nyamaza, mama, usiite," nilimsihi mwanangu nikimshika mkono. "Tafadhali usiite." Hakunisikia. Aliendelea kumwita bibi yake, na kila alipoita, namba ya hewa kwenye kile kimashine ilishuka.