Kuku wa Kumuaga Fiona

Watu kumi walimla kuku yule, na watu kumi wakashikwa na tumbo. Alikuwa amepikwa kwa ajili ya kumuaga Fiona, aliyekuwa akirudi Kenya baada ya miaka minne ya kulea watoto wa watu. Fiona alichelewa kutoka kwa waajiri wake, na sufuria ikakaa juu ya meza katika nyumba waliyoishi pamoja wafanyakazi wa kigeni huko Muaither, Uarabuni, toka adhuhuri hadi magharibi, kwenye joto la kumtoa jasho hata mjusi. Kesho yake foleni ya chooni ilifika sebuleni. Wiki haikuisha, tisa wakapona na kuanza kutaniana. Wa kumi alikuwa Damaris.

Miezi saba baadaye, tumbo la Damaris lilikuwa bado halijatulia. Lingeweza kufunga siku tatu, likafunguka ya nne bila kupiga hodi. Lilijaa hewa hadi mkanda wa sare ukamchora kiunoni. Maumivu yalianzia chini ya kitovu, yakamsokota, yakapungua akitoka chooni, kisha yakarudi kama mgeni aliyesahau kofia.

Kwa mtu mwingine huenda lingekuwa jambo la kuvumilia. Damaris alikuwa mlinzi wa lango la magari katika jengo moja refu kule The Pearl, mtaa wa matajiri. Alikaa saa kumi na mbili ndani ya kibanda cha vioo, akifungua na kufunga kizuizi, na choo kilikuwa chini kabisa, upande wa pili wa maegesho. Sheria ilikuwa moja: huondoki langoni mpaka mwenzako afike kukupokea. Unaita kwenye redio, unangoja. Pengine dakika tano, pengine ishirini. Tumbo lake halikuijua sheria hiyo, kwa hiyo aliacha kula kabla ya zamu. Alishinda na chai ya maziwa, akirudi nyumbani anajilipia kwa mlima wa ugali na maharagwe.

"Hiyo ni amiba," alisema Scovia, Mganda aliyelala kitanda cha juu yake na kufanya usafi hotelini. "Banange, amiba haitoki na dozi moja! Inajificha kwenye maini."

"Nimemeza dozi nne, Scovia."

"Basi imebaki ya tano. Job anarudi kutoka likizo mwisho wa mwezi, nimeshamwambia alete."

Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyojitibu. Aliyekwenda likizo alirudi na vitu vya orodha ya watu: unga, viungo vya mchuzi, na vidonge vya amiba kutoka duka la dawa la kwao, lisilouliza maswali. Hospitalini hawakwenda. Kila mtu alijua, kama anavyojua njia ya kituo cha basi, kwamba ukikutwa na taifodi unapandishwa ndege. Ila hakuna aliyeweza kumtaja kwa jina hata mtu mmoja aliyepandishwa.

Jumatatu moja asubuhi Damaris aliita redioni mara tatu. Wa kumpokea alikuwa juu, akimsaidia mkazi mmoja kuhusu lifti. Mara ya nne hakuita. Aliliacha lango na kukimbia.

Aliporudi, magari sita yalikuwa yamepanga mstari yakipiga honi, na msimamizi wao, Zuberi, amesimama kibandani mwenyewe. Zuberi alikuwa mtu wa Tanga, mtu mzima, asiyepandisha sauti.

"Dakika kumi na moja, dada Damaris."

"Betri ya redio ilikufa, bosi. Nilikimbilia nyingine."

Zuberi akaandika. Jioni alimwita ofisini. "Kwa mkubwa nimesema ni betri. Kisha nimetazama kamera. Mtu hakimbilii betri akiwa ameshika tumbo. Barua moja unayo tayari, ya kukosa basi. Ya pili unajua inakupeleka wapi."

Alijua. Ya pili ilikuwa ni kuondolewa kazini na kungoja tiketi ya kurudi kwao.

"Nakupa wiki moja," Zuberi alisema. "Uniletee maneno yanayosimama."

Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alipotoa kadi yake ya afya mkobani, Scovia aliketi kitandani ghafla.

"Na wakiipata hiyo taifodi?"

"Nikikaa hapa nitapata barua. Afadhali wao waipate."

Daktari alikuwa mama wa Kisudani, mwenye Kiingereza cha polepole. Alichukua damu, akachukua choo, akamwambia arudi baada ya siku tano. Damaris aliporudi, majibu yalikuwa mezani.

"Hakuna amiba. Hakuna taifodi. Hakuna minyoo."

Badala ya kushukuru, Damaris alipandwa na hasira. "Kwa hiyo ninajifanya?"

"Sijasema hivyo. Kabla ya haya yote, uliwahi kuugua tumbo sana?"

Damaris akamsimulia habari za kuku. Daktari aliweka kalamu chini.

"Ni hapo. Wadudu wenyewe walishaondoka zamani. Lakini waliuchubua utumbo, na mishipa ya fahamu iliyomo ikabaki macho. Hewa kidogo ambayo mwenzako haisikii, wewe inakupiga ngumi. Utumbo wako unakifukuza chakula kana kwamba sumu bado imo." Akautaja ugonjwa kwa jina lake refu la Kiingereza. Damaris alilitafsiri kichwani: utumbo wenye hamaki.

"Mbona wenzangu tisa wamepona?"

"Wakiugua kumi hivyo, mmoja hivi hubaki na tumbo kama lako. Zaidi wanawake, waliougua vikali, na wenye wasiwasi mwingi."

Damaris alitoa mkobani pakiti nne tupu, akazipanga mezani. Daktari alitikisa kichwa.

"Tumboni kuna wadudu wanaokusaidia. Hawa umewamwagia moto mara nne, na inawezekana umezidisha tatizo. Usimeze tena. Kula kidogo kidogo kwa saa zilezile. Punguza maharagwe, acha maziwa wiki chache uone. Nakupa dawa ya msokoto. Ukiona damu, au ukikonda, rudi upesi."

"Nitapona lini?"

"Wengi hupata nafuu, polepole. Miezi, pengine miaka. Tarehe sikuahidi." Akamwandikia karatasi, na Damaris akamwomba aandike kabisa kwamba ugonjwa hauambukizi.

Njiani alimpigia Job simu afute vidonge kwenye orodha. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Zuberi, kabla ujasiri haujapoa.

Zuberi aliisoma karatasi mara mbili. "Na betri?"

"Ilikuwa nzima. Niliogopa ningerudishwa nyumbani."

"Kwa kuharisha? Dada yangu, wangekuwa wanarudisha wanaoharisha, jengo hili lingelindwa na paka." Hakucheka. "Ugonjwa si kosa. Lakini nilimpelekea mkubwa wangu uongo wako kwa mdomo wangu. Leo nakwenda kuurudisha mwenyewe."

"Niandikie barua, basi."

"Siandiki. Hiyo karatasi ingekuja mapema, ningekupangia mtu wa karibu wa kukupokea. Ila lango sasa nimempa mwingine. Utakuwa maegesho ya chini. Choo kiko hatua kumi, humngoji mtu."

Damaris alikuwa amelikaa lango lile miaka miwili. Alijua gari la kila mkazi kwa mlio, na mwezi ujao alitarajia kufanywa mkuu wa walinzi wa pale.

"Nani anapewa?"

"Marvin."

"Marvin! Hata namba za magari anazisoma kinyume!"

"Atajifunza. Wewe ulijifunza."

Damaris akaitia sahihi ratiba mpya.

Maegesho ya chini yalikuwa na joto, na yalinuka moshi. Saa nne alikula viazi viwili vya kuchemsha, saa saba wali kidogo na samaki, watu wakipita. Alhamisi tumbo lilimsokota mara mbili. Alikwenda chooni akitembea, akarudi, na hakuna aliyepiga honi. Ijumaa halikumsokota kabisa. Jumamosi likaanza tena, naye akafungua redio, akasema kwa sauti yake ya kawaida, wote wakisikia, kwamba anakwenda chooni.