Owiti wa Phelesia

Kadi moja tu ilianguka mezani, na Mayaka akasema, "Basi huyo ndiye. Haya, soma."

Nikaisoma. Owiti, mvulana, chini ya miaka mitano. Mama yake: Phelesia. Na ukingoni, kwenye tundu la malale, palikuwa wazi. Nilikuwa nimelikata mwenyewe asubuhi ile, baada ya mpimaji kutuletea majibu ya vioo vya damu.

Ngoja nieleze, maana wajukuu zangu hapa Migori nikiwaambia tulifanya utafiti bila kompyuta wananicheka mpaka machozi. Kadi zetu zilikuwa na matundu kuzunguka kingo zote. Kila tundu lilikuwa na maana yake: mwanamume, mwanamke, mtoto mdogo, ana homa, ana malale. Jambo likiwa kweli kwa mtu, unakata lile tundu mpaka ukingoni. Halafu unazishika kadi zote pamoja, unapitisha sindano ya kufumia sweta kwenye tundu unalotaka, unainua, unatikisa. Zilizokatwa zinaanguka, nyingine zinabaki zikining'inia. Siku ya kwanza nilipoona maajabu hayo nilipiga makofi, na Mayaka akaniuliza kama nimekuja Homa Bay kujifunza kazi au kutazama sarakasi.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Chuo chetu cha Nairobi kilikuwa kimenituma kwa mafunzo ya kazini, nijifunze kutunza takwimu za utafiti wa malale, ule ugonjwa wa usingizi ambao mbung'o walikuwa wakiueneza katika bonde la Lambwe. Nilikuwa msichana wa Kisii, Msabato, sketi chini ya magoti na maringo tele. Mayaka alikuwa mkubwa wangu, Mkisii mwenzangu, mtu wa tai na kofia hata juani. Alikuwa mwema, na nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea. Alikuwa na sheria moja aliyonikaririsha kama katekisimu: ugonjwa wa mtu hautajwi mbele ya asiye wake. Malale ilikuwa inaogopwa. Ukisema fulani anayo, kesho majirani hawakanyagi kwake, na keshokutwa yeye mwenyewe amehama na humwoni tena.

"Siri ni ya mgonjwa na wazazi wake," aliniambia. "Ukiitoa, Nyasuguta, hata kadi zikae sawa namna gani, wewe si mtu wa kazi hii."

Nilikubali kwa moyo wote. Bado nakubali, ndiyo maana kisa hiki kinaniuma.

Owiti nilimwona siku tulipotoa watu damu. Chifu alikuwa amewaita kwenye uwanja wa shule, na wakaja wote, wazee kwa watoto, wakapanga mstari. Mpimaji alichoma vidole, Mayaka aliuliza maswali, mimi niliandika. Akafika mwanamke kijana, mwembamba, na mtoto mgongoni. Jina lake Filister. Alijua Kiswahili kizuri kwa sababu mume wake alifanya kazi Kericho kwenye mashamba ya chai, na yeye alikuwa amekaa huko kidogo.

"Mtoto wako?" Mayaka akamuuliza.

"Hapana. Ni wa mama Phelesia."

Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye mvi, gongo mkononi, meno yamebaki ya kuhesabu. Akaitikia kwa sauti ya kusikika na uwanja mzima: "Ni wangu."

"Mjukuu?"

"Nimesema ni wangu."

Mayaka akaniinamia. "Andika hivyo hivyo. Huyu ni Sara wa Biblia, katuzalia Isaka uzeeni." Tukacheka kwa Kikisii chetu, chini chini, kwa adabu. Mstari mzima wa watu ulikuwa unatusikiliza na hakuna aliyefungua mdomo. Mtoto alipochomwa kidole hakulia. Alitazama tone lake la damu, kisha akanitazama mimi, akanionyesha kile kidole kama mtu anayekuuliza, na hiki nacho?

Sasa kadi yake ilikuwa mkononi mwangu, na Mayaka alikuwa ameshatafuta kofia. Mtu mwenye malale hana muda. Ikiwa bado damuni, kuna sindano ya kawaida na anapona. Ikishapanda kichwani, anaanza kulala mchana na kukesha usiku, na hapo dawa iliyobaki ni ile kali, yenye sumu ndani yake, ambayo huweza kumuua mtu hata kabla ya ugonjwa. Kwa hiyo tulitaka kumpata Owiti upesi, basi.

Nyumba ya Phelesia tuliikuta imefungwa kwa kamba. Nyumba ya jirani ilikuwa ya Filister. Tukabisha hodi, akatoka, akasimama mlangoni na mikono yote miwili kwenye miimo.

"Tunamtafuta Phelesia," Mayaka akasema.

"Amevuka kwenda kisiwani Mfangano. Binti yake amejifungua huko."

"Na yule mtoto wake mdogo?"

Filister akatazama viatu vyetu. "Mnamtakia nini mtoto?"

"Ni mambo ya serikali, mama. Tutamwambia mwenyewe."

"Ni mambo mabaya?"

"Tutamwambia mwenyewe," Mayaka akarudia, kwa upole kabisa.

Akakaza mikono kwenye miimo. Nilifikiri anaogopa serikali tu, kama wengi wa wakati ule, maana uvumi wa watu wanaonyonya damu ulikuwa haujaisha na sisi ndio kwanza tulikuwa tumepita na sindano zetu. Ili kumtuliza nikamuuliza kama yeye ana watoto.

"Mimi sina, nyar Kisii," akanijibu, akiniita hivyo, binti wa Kisii, kama walivyoniita wote. "Mungu hakunipa."

Tukamuaga. Mtoto tuliyekuwa tukimtafuta alikuwa nyuma ya mgongo wake, ndani, amelala kwenye mkeka saa sita ya mchana. Hilo nililijua baadaye.

Mashua ya serikali ilikuwa imeharibika injini. Tulingoja fundi, tukangoja petroli, tukangoja ziwa litulie, na kila siku Mayaka alikuwa akitoka nje kutazama maji kisha anarudi kunisomea makosa yangu ya kadi kwa hasira isiyonihusu. Hatimaye tukavuka. Phelesia tulimkuta ufukweni Mfangano, kati ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena, kambeba kichanga cha binti yake.

"Owiti yuko wapi?" Mayaka akamuuliza, hata salamu hazijaisha vizuri.

"Owiti? Si yuko nyumbani kwa mama yake."

"Mama yake si wewe?"

Mama mzee akatutazama mmoja mmoja, akaona kumbe hatuelewi kitu. Akatuvuta pembeni na kushusha sauti, hata huko kisiwani, mbali na kila mtu aliyemjua Filister.

"Watoto wa nyar Kosele walikufa wote," akasema, kwa maana Filister alizaliwa Kosele. "Akizaa, anazika. Huyu alipozaliwa tulimlaza njiani, kwenye majani, nikapita mimi kama mpita njia, nikamwokota. Ndiyo maana ya Owiti, aliyetupwa. Nikampa Filister anilelee. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa Filister kiambiwe hana. Kila mtu pale kwetu anajua, na hakuna anayesema."

"Lakini hata kwa serikali, mama?" Mayaka akauliza.

"Serikali si ilimuuliza mbele ya watu wote? Ulitaka aseme nini?" Halafu macho yakamtoka. "Kwa nini mmekuja mpaka huku? Mtoto anaumwa?"

Nikamwona Mayaka anapima: mtoto huyu ni wake, au si wake? Nikamwondolea shida. "Ana malale, mama," nikasema.

Phelesia akaketi mchangani na kichanga chake kifuani. "Mlifika kwa Filister?"

"Tulifika."

"Na hamkumwambia?"

Mayaka akavua kofia. Sijawahi kuona mtu aliyetii sheria akiaibika namna ile, na nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, na nilijikasirikia kwa kumkasirikia.

Phelesia alirudi nasi. Ni yeye aliyeingia kwa Filister kumwambia, sisi tukabaki kwenye Landrova. Filister alitoka mbio na mtoto mikononi, bila viatu, kitambaa kimemwanguka kichwani. Kichwa cha Owiti kilikuwa kikining'inia begani kwake. Nilimwita, akafungua jicho, akalifunga. Njia nzima mpaka Homa Bay Filister alikuwa akimsugua miguu na kumwambia asilale, asilale.

Hospitalini walimpima maji ya uti wa mgongo. Daktari, Mhindi mmoja mwenye sauti ya polepole, akatuita wote kwenye baraza.

"Imeshafika kichwani," akasema. "Itabidi ile dawa kali. Nitajitahidi, lakini siwaahidi. Na wodi ni ndogo. Anayebaki na mtoto ni mama yake peke yake. Mama ni nani?"

Akaangalia karatasi aliyopewa na Mayaka. Ilisema Phelesia.

"Ni mimi," Phelesia akasema upesi. Akapiga hatua mbele, kajinyoosha juu ya lile gongo lake. Kisha akamgeukia Filister, akamwambia kwa Kijaluo maneno ambayo kwa miezi michache ya kukaa kule niliweza kuyaelewa: nenda nyumbani, mwanangu, niachie mimi, kifo bado hakijamjua.

Filister alisimama pale na mtoto begani. Hakuna aliyemharakisha, hata daktari. Kama angempa Phelesia yule mtoto na kuondoka, angekuwa amemlinda kwa njia pekee aliyoijua, ambayo kwa huyu mmoja ilikuwa imefanya kazi. Lakini mtoto angechomwa sindano ile bila yeye. Ningekuwa mimi ningefanya nini, sijui, na nimejiuliza miaka yote hii nikiwa mama na nikiwa bibi.

Owiti akanung'unika, akamshika shingo.

"Ni wangu," Filister akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti, kwa Kiswahili, mpaka watu waliokuwa wakingoja dawa dirishani wakageuka. "Huyu mtoto ni wangu. Nilimzaa mimi, Filister. Nitabaki mimi."

Phelesia akafunika uso kwa shuka lake.

Dawa alichomwa. Siku ya kwanza akapata nafuu, akanywa uji, na Mayaka akaninunulia soda kwa furaha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku ya pili homa ikapanda. Ya tatu, asubuhi, nilipofika na mkate mkononi, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Sitasema ni dawa, sitasema ni malale. Daktari mwenyewe hakujua. Lakini pale kijijini walijua, au walisema wanajua: Filister alimtaja mtoto, na kifo kikasikia. Walisema hivyo kwenye mazishi, si kwa ukatili, kwa huzuni tu, jinsi watu wanavyosema mvua ilinyesha. Hata mume wake aliyekuja kutoka Kericho hakumwangalia usoni.

Baada ya wiki moja mafunzo yangu yalikuwa yakimalizika, nikamwomba Mayaka anipeleke kwa Filister niage. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani: kwamba ni mdudu, si maneno, kwamba hata angenyamaza ingekuwa vile vile, kwamba kosa, kama lipo, ni la siku zile tulizopoteza sisi. Nilimkuta anapalilia mtama peke yake. Nikaanza hotuba yangu. Akaniacha niimalize yote, akiegemea jembe.

"Pole kwa safari ndefu," akasema. "Lakini mimi sikusema yale kwa kutojua. Nilijua yanaweza kumchukua."

Akakaa chini kwenye tuta, nami nikakaa, sketi yangu nzuri na yote.

"Tangu ajifunze kusema alikuwa akiniita nyar Kosele," akasema. "Ndivyo tulivyomfundisha. Mama alikuwa Phelesia. Akianguka, akiota ndoto mbaya, ananiita nyar Kosele, na mimi nashukuru, nasema vizuri, ndivyo atakavyoishi. Siku ile pale barazani alinisikia. Nilifikiri amelala, kumbe alinisikia. Wakamlaza kitandani, akanishika kidole, akaniita mama. Nikaitika. Akaita tena, nikaitika. Alikuwa anaita tu, hataki maji, hataki chochote. Anajaribu kama nitaitika."

"Na kila mara uliitika."

"Kila mara, nyar Kisii. Mpaka alipoacha kuita."

Mayaka akapiga honi kule barabarani. Nilisimama, nikamwashiria kwa mkono aende, nitafuata kwa miguu, kisha nikauliza kama kuna jembe la pili.