Bluu Iliyopakwa Kabla ya Mechi

Mabao saba! Hebu fikiria mwenyewe. Mtu umekaa mapumziko yote ya ligi bila mpira, umetazama marudio ya mechi za zamani mpaka unamjua mwamuzi atapuliza filimbi wapi, halafu siku timu yako inarudi uwanjani inamtandika mtu saba bila. Nani angebaki na akili zake? Fundi rangi wa mtaa huu, anayeitwa Brashi hata na mama yake mzazi, hakubaki nazo.

Ni kweli ilikuwa mechi ya kirafiki tu, na waliofungwa walikuwa timu ya kiwanda cha sabuni. Ni kweli pia kipa wao alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja, na bao la tano lilimkuta ameinama anafunga kamba za kiatu. Hayo Brashi hakuyaona, au aliyaona akayameza. Alichokiona ni mshambuliaji mpya, yule waliyembatiza Nyundo, akipachika manne peke yake. Wiki iliyofuata wakawapiga wanachuo mabao matano. Baadaye wakawapiga wazima moto sita.

"Msimu huu," Brashi alitangaza akiwa juu ya ngazi, rola mkononi, ndani ya nyumba ya watu, "kombe watuletee tu nyumbani, wasisumbue watu na mechi!"

Na Brashi si shabiki wa pembeni. Ni mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Bluu, na vikao vya tawi hufanyika sebuleni kwake, kwa sababu televisheni yake ndiyo kubwa kuliko za wanachama wote. Shida ni kwamba sebule hiyo ina wenyewe wawili. Mkewe, msusi mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, ni Machungwa damu. Na Machungwa walikuwa wamekwenda kujipima kwa mabingwa wa nchi jirani, wakafungwa mechi zote tatu.

"Pole, mke wangu," Brashi alimwambia wakiwa mezani. "Nasikia mmekula nne. Mmeshiba?"

"Tumeshiba, ahsante. Na nyie mmetakata? Maana mmetoka kwa watu wa sabuni."

Brashi alicheka mpaka maji yakampalia. Alipopata pumzi, akaropoka. Sebule yao ilikuwa inasubiri rangi mpya tangu zamani, na walikuwa hawajaafikiana rangi gani. Basi mechi ya kwanza ya ligi, Bluu na Machungwa, ndiyo ingeamua: atakayeshinda, sebule nzima inapakwa rangi ya timu yake.

Mkewe alitafuna taratibu, akameza. "Sawa. Lakini nikishinda unapaka wewe, kwa mkono wako, kazi ya kueleweka kama unayowafanyia wateja. Na vikao vya tawi lako viendelee humuhumu. Hakuna kuhamia kwa mtu."

"Hata kesho!" alisema Brashi, mtu wa mabao saba.

Hapo angetulia, yangekwisha. Lakini siku mbili kabla ya mechi alirudi na ndoo ya bluu. Alitaka wanachama wake washangilie ushindi wakiwa tayari ndani ya bluu. Katibu wa tawi, mwenye bucha la pale kona, alipita akamkuta anakoroga.

"Mwenyekiti, si ungengoja hata mechi ichezwe?"

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo, Katibu. Nishikie ngazi."

Alipaka kuta zote. Hakuzifuta vumbi, hakupiga msasa, na kabati la vyombo hakulisogeza. Alilizunguka na brashi, jambo ambalo fundi mwingine angelifanya yeye angemfukuza kazi. Mkewe aliporudi kutoka saluni alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Wee baba, si wewe unayewakataza wateja wako kusifia ukuta kabla haujakauka? Unawaambia koti la kwanza la rangi ni muongo."

"Hii ni tofauti."

"Haya," akasema, akaenda jikoni. Haya hiyo Brashi hakuipenda hata kidogo.

Mvua ilinyesha mfululizo mpaka siku ya mechi na ukuta ukagoma kukauka. Wanachama wakajazana, wengine kwenye makochi, wengine wameegemea ukutani. Mke alikaa kwenye kigoda chake kimoja, shati la machungwa mwilini, peke yake katikati ya maadui, anamenya karanga. Nyundo alipata nafasi mapema sana, yeye na kipa tu. Akapaisha. Akapata nyingine, akajikwaa. Beki wa Machungwa hakuwa ametoka zamu ya usiku, alikuwa amelala vizuri, na kila Nyundo alipogeuka alimkuta yupo. Kufikia mapumziko Machungwa walikuwa wanaongoza moja bila. Mpira ulipokwisha ilikuwa tatu bila, na sebuleni kilichosikika ni karanga tu zikivunjika.

Wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Ndipo Brashi alipoona: kila aliyeegemea ukuta alikuwa amebeba bluu mgongoni. Katibu alitoka na koti lake la heshima, limechafuka kuanzia mabegani hadi kiunoni, na ukutani kukabaki umbo lake, kichwa na yote.

"Lini unaanza?" mke aliuliza, anakung'uta maganda ya karanga.

Alianza kesho yake. Na hapa ndipo mtu anapomhurumia, maana kazi mbovu Brashi haiwezi hata akiitaka. Alipiga msasa. Alibandika mkanda kwenye pembe. Bluu ikawa inachungulia chini ya machungwa, mpaka ikabidi arudie koti la tatu, na ukuta ukatoka laini, unang'aa, mzuri kuliko ukuta wowote aliowahi kuupaka maishani. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kikao cha tawi kilifanyika humohumo kama ilivyokubaliwa. Katibu aliingia amejikinga macho kwa mkono. "Jamani, nani kazima taa za barabarani? Zote zimehamia kwa Mwenyekiti!" Walicheka wee. Mmoja akapendekeza achaguliwe mwenyekiti mwingine, hoja ikakaribia kupita, ikaja kufa walipokumbuka ukubwa wa televisheni zao. Brashi alibaki na cheo, lakini hakulala vizuri.

Ndipo shetani akamnong'oneza. Nyuma ya kabati la vyombo palikuwa hapajaguswa hata safari ya pili, maana mkewe alimwambia aliache na vyombo vyake; bado pana rangi ya zamani. Akipaka pale kipande cha bluu, kidogo tu, nani atajua? Kila kikao angekaa akijua kwamba ndani ya sebule hii ya aibu moyo wa Bluu unadunda. Akasubiri mkewe aende saluni, akaweka bega kwenye kabati, akasukuma. Vyombo vikalia. Jasho likamtoka. Kabati likasogea, akachungulia.

Palikuwa na machungwa. Kipande kama sahani, kimepakwa vibaya, michirizi imeteremka hadi sakafuni, kimekauka zamani.

"Ukitoa vyombo kwanza linasogea kirahisi," mkewe alisema mlangoni. Alikuwa amesahau funguo za saluni. "Mimi nilitoa."

Brashi alibaki ameinama. "Hii umepaka lini?"

"Siku mlipowafunga wa sabuni saba. Kwa kile kibrashi changu cha rangi ya nywele."

"Lakini siku hiyo mlikuwa mmefungwa nne!"

"Ndiyo. Nilitoka kulia chooni, nikapaka."

Brashi aliona aibu, aibu ya kweli, si ile aliyotiwa na mzaha wa Katibu. Yeye alikuwa amepaka sebule nzima kwa sababu ya mabao saba. Mwenzake alipaka kidogo, gizani, timu yake ikiwa hoi, wala hakumtambia mtu. Akajiuliza kama siku ile ingekuwa Bluu waliokula nne, angeinua hata brashi. Jibu alilijua, na halikumfurahisha.

"Juzijuzi mmefungwa tatu," mkewe alisema. "Sasa ndiyo wakati wako. Paka."

Alifungua mkoba, akatoa kibrashi cha nywele, akampa. Brashi akaifuata ndoo. Kwanza alichukua msasa akaisawazisha ile michirizi ya machungwa, maana ilikuwa inamkera. Kisha akapaka bluu pembeni yake, kipande cha ukubwa uleule. Wakasimama wote wawili kutazama, wamebanana kati ya kabati na ukuta.

"Imependeza," mke akasema. "Utapaka koti la pili?"

"Acha," alisema Brashi. "Ngoja kwanza ikauke."