Faili Lililofanana na Baba Mtupu

Kompyuta mama hakuijua, ila binti yake akidhulumiwa alijua kabla hajaambiwa. Asubuhi hiyo binti alikuwa kwenye meza ya jikoni, kucha mdomoni, macho mekundu. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio kazini, akiandika programu ya duka la dawa. Mstari wake wa kumzuia muuzaji asitoe dozi mara mbili ulikuwa haumo tena kwenye faili la programu. Mkuu wake alifungua historia ya faili, jina la binti hakulikuta, akasema mstari huo binti hakuuandika kabisa. Kampa mpaka saa sita athibitishe, la sivyo Jumatatu asirudi.

Mama akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi. Akadadisi wee, mpaka akaambiwa: kila mmoja huandika kwenye nakala yake ya pembeni, waiitayo tawi, kisha matawi huunganishwa. Aliyeunganisha ni mwenzake, wamemwita Chapchap, na jina halikumwonea. Pande mbili zilipogongana, akabeba faili lake zima zima, la binti akaliacha.

“Sasa faili la leo linafanana na la nani?” mama akauliza.

“La Chapchap, mama. Kama pacha.”

Mama akageuka, povu likimtiririka hadi kwenye kiwiko.

“Basi ndiyo hiyo. Mtoto akifanana na baba mtupu, watu wakiulizwa ukoo wanataja wa baba. Mimi niliyezaa sijafutwa, mwanangu. Sijatajwa tu.”

Binti akaivuta kompyuta karibu. Tangu alfajiri alikuwa akimtafuta aliyefuta jina lake kwenye historia, kumbe hakuna aliyelifuta. Ilipoulizwa historia, kompyuta ilikuwa imefuata njia fupi, upande uliofanana na faili la leo, ule mwingine ikauruka. Akaandika amri ya kutaka historia yote, bila kuruka tawi lolote. Orodha ikamwagika ndefu, na katikati yake jina lake, tarehe, saa, mstari wenyewe ukimkodolea macho.

Wazazi, waonyeni wanenu: orodha fupi si ushahidi, hata ikitoka kwenye mashine.

Saa tano na dakika hamsini mkuu alipigiwa simu, akatumiwa orodha ile. Akamwambia binti Jumatatu awahi, arudishe mstari ule kabla duka halijafungua mlango, Chapchap akiwa ameketi pembeni anatazama.

Simu haijakatika, mama alikwisha kumshika binti mikono, wanazunguka jikoni kama pia, sakafu imejaa povu. Wakateleza wote wawili, wakakaa chini kwa kishindo, wakacheka mpaka mbavu zikaomba msamaha.

Mkuu bado alikuwa anasema haloo.