Kitufe cha Sifuri

Kabla ya adhuhuri miguu ya fundi lifti mstaafu ilikuwa imeshakwisha. Lifti ya jengo lao, aliyoiuguza miaka thelathini na ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kuipandisha kwa kuitukana tu, ilikata roho Jumatatu. Tangu hapo, kila jaribio la kengele lilikuwa jaribio la ngazi.

Kengele ilikuwa ya dada yake. Aliishi peke yake ghorofa ya tatu, mlango wa kwanza, na moyo wake siku hizi ulidunda kwa kusitasita. Akibonyeza, kompyuta ya zahanati iliyo ghorofa ya chini ya jengo ingemwonyesha nesi mlango wa kwenda na dawa ya kubeba. Ili aandike programu ya kengele hiyo, fundi alijifunza JavaScript, lugha ya kuiamuru kompyuta, peke yake, kwa miwani iliyofungwa uzi na ubishi wa kuzaliwa nao.

Asubuhi walijaribu. Nesi akapanda na mkoba wake, akagonga, akafunguliwa na mwalimu wa muziki wa ghorofa ya nne, mlango wa pili, kajifunga taulo, povu limejaa masikioni.

"Kwani mgonjwa ni mimi?" mwalimu aliuliza, akijishika kifua.

Nesi alishuka akihema. "Mzee wangu, siku moyo ukigoma kweli, nimtibu mwenye povu?"

Mpwa wa fundi, mtoto wa huyo dada, alikuwepo, na godoro la mama yake lilikuwa tayari limefungwa juu ya gari. "Mjomba, umejitahidi. Kengele isipotengemaa, saa tisa nampeleka mama kwangu."

Simu ya fundi ikaita. Dada.

"Mdogo wangu, kile chumba cha mwanangu dirisha lake linatazama ukuta. Ukuta utaniua kabla ya moyo."

"Dada, nipe muda."

"Muda ninao? Hata godoro hawakuniachia!"

Fundi akairudia kwa kidole orodha ya nyumba kwenye kompyuta. Ghorofa tano, mstari kwa mstari, kuanzia ya chini. Moja, mbili, tatu, nne: ghorofa ya tatu ni mstari wa nne. Nyumba ya dada ni ya kwanza. Naye ndivyo alivyoandika: ghorofa[4].nyumba[1]. Kosa liko wapi? Macho yalimwasha. Akatoka, akajibwaga kwenye kigoda mbele ya lifti maiti.

Vitufe vikamtazama. Nne, tatu, mbili, moja. Na chini kabisa sifuri, aliyoikaza kwa bisibisi yake mwenyewe. Ni yeye aliyewahi kumcheka mpangaji mpya aliyebonyeza moja akitaka kushuka chini! Miaka thelathini anawafundisha watu kwamba safari huanzia sifuri, leo kashindwa kujifundisha.

"Mpumbavu ana nywele nyeupe," alinong'ona, akanyanyuka kwa awamu mbili.

Mashine ilihesabu kama lifti, kuanzia sifuri, ndiyo maana nne yake ilimpeleka nesi kwa mwalimu. Ghorofa ya tatu ilibaki tatu. Mlango wa kwanza ukawa sifuri. Akaandika ghorofa[3].nyumba[0]. Jina la dada likatokea. Lakini mahali pa dawa pakasomeka: haijulikani.

"Mjomba, saa tisa kasoro kumi," mpwa alisema, ufunguo wa gari mkononi.

"Nyamaza, nafungua milango."

Aliichungulia ile nyumba ndani ya programu. Ndani yake kulikuwa na simu na mkazi. Ndani ya mkazi, jina na dawa. Jina alikuwa ameliulizia kwa mkazi, lakini dawa, kwa uchovu, aliiulizia kwa nyumba.

"Tangu lini nyumba ikameza dawa?" alijiuliza. Akaongeza hatua iliyosahaulika: ghorofa[3].nyumba[0].mkazi.dawa.

Akampigia dada simu abonyeze, kengele ikalia. Nesi akasoma kioo, akachukua dawa, akapanda. Mara simu ikaita.

"Mdogo wangu, nesi yuko kwangu, na dawa ni yenyewe. Mwambie mwanangu alete godoro, nimechoka kukaa kitini."

Mpwa alitoka nje bila ubishi, akaanza kufungua kamba. Akarudi na ncha moja ya godoro begani, akamtazama mjomba wake.

Fundi alivua miwani, akashika ncha ya pili.

"Sifuri," alisema kwenye ngazi ya kwanza, magoti yakimlia. "Tatu tu, mpwa wangu. Twende."